Posta Ijitegemee: Nani Alipie Nini?

Kijitabu cha elimu kwa umma kuhusu mageuzi ya huduma za posta

Makondakta wa daladala jijini Dar es Salaam huita "Posta, Posta!" kutwa nzima, na magari hujaa. Abiria wakishuka Posta Mpya hutawanyika: huyu benki, yule ofisini, wengine wanawahi kivuko cha Kigamboni. Wanaoingia posta yenyewe ni wachache, na ukiwatazama mikononi utaona bahasha za nyaraka na maboksi yaliyofungwa gundi ya karatasi. Barua ya mkono, ile ya "wasalaam, mimi huku ni mzima", ni nadra kuiona.

Kijitabu hiki kinaeleza hali hiyo ina maana gani kwa mfuko wa Shirika la Posta na kwa mfuko wako wewe mlipa kodi. Mageuzi ya posta yamekuwa yakitajwa kwa lugha ya kompyuta na programu za simu. Hivyo ni vitu vizuri, tena vinahitajika, lakini kompyuta mpya kwenye kaunta isiyo na mteja haiongezi hata shilingi. Suala lenyewe ni nani alipie nini, na tutalifuata hilo hadi mwisho.

Ilikuwaje hadi hapa

Hadi 1977 Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa na shirika moja la posta na simu chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika kila nchi ikabaki na lake, na kwetu likaundwa Shirika la Posta na Simu Tanzania. Katika mashirika ya aina hiyo, hapa na kwingineko duniani, simu ndiyo iliyokuwa ikileta fedha na barua ndiyo iliyokuwa ikizitumia. Hesabu zilifungwa kwa pamoja, kwa hiyo aliyekuwa akimbeba mwenzake hakuonekana.

Miaka ya 1990 mambo yakatenganishwa. Benki ya Posta iliundwa kwa sheria ya 1991 ikaondoka na akiba za wananchi (ndiyo hiyo tangu 2021 inaitwa TCB). Kisha sheria ya 1993 ikaligawa shirika lenyewe: simu zikaenda TTCL, udhibiti ukaenda kwenye Tume ya Mawasiliano, ambayo 2003 iliingizwa katika mamlaka ya udhibiti wa mawasiliano, TCRA, na tarehe 1 Januari 1994 Shirika la Posta Tanzania likaanza kazi peke yake. Kenya ilipita njia hiyo hiyo 1999.

Kwa upande wa udhibiti, uamuzi ule ulikuwa wa busara, kwani mtu hawezi kucheza mpira na kupuliza filimbi. Kwa upande wa fedha, posta iliondoka na barua, stempu, masanduku, vifurushi, hawala ya fedha na wajibu wa kuhudumia nchi nzima. Vilivyokuwa vikiingiza fedha bila jasho jingi, yaani simu na akiba, vilikwenda kwa wengine.

Halafu ikaja simu ya mkononi. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania 2008, na hawala ya posta, iliyokuwa tegemeo la mzazi wa kijijini mwenye mtoto mjini, ikapoteza wateja wake. Umeme ukawa wa LUKU, wa kulipia kabla ya kutumia, hakuna tena bili ya kutumwa kwa sanduku la posta. Hati za mishahara za watumishi wa umma zikahamia mtandaoni. Waombaji wa mikopo ya elimu ya juu, ambao kwa miaka kadhaa walituma fomu zao kwa EMS, huduma ya haraka ya posta, na kuifanya miezi ya maombi kuwa ya neema kwa posta, nao wakahamia huko huko. Hakuna aliyeidhulumu posta hapa. Kila moja ya hatua hizo ilimpunguzia mwananchi gharama na safari, na hakuna anayetaka kurudi nyuma.

Hesabu ya gari moja

Ili uelewe ugonjwa wa posta zote za dunia, fuata hesabu hii. Takwimu zake ni za kubuni, kwa ajili ya mfano tu.

Gari la posta linatoka Dar es Salaam usiku kwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 800. Mafuta, dereva, matairi, bima na uchakavu ni shilingi 1,000,000 kwa safari. Likibeba barua 10,000, kila barua imegharimu shilingi 100 barabarani. Likibeba barua 500, kila moja imegharimu shilingi 2,000. Gari ni lile lile, dereva ni yule yule, na Chalinze ipo pale pale. Kilichobadilika ni mzigo tu.

Sasa pandisha bei ya stempu ili ilingane na gharama. Waliobaki nao watakimbia, barua zitakuwa 300, na bei itabidi ipande tena. Jaribu njia ya pili: punguza safari, gari liende mara mbili kwa wiki. Mwenye haraka atakwenda kwingine, na katika biashara ya usafirishaji karibu kila mteja ana haraka. Njia ya tatu ni kufunga ofisi za wilayani. Hapo utaokoa mishahara michache na pango, lakini umeua kitu pekee ambacho washindani hawana, yaani mtandao unaofika kila upande wa nchi.

Njia iliyobaki ni kulijaza gari. Anayeendesha posta huanza na swali moja kila asubuhi: kwa gari hili, jengo hili na karani huyu ambao nimeshawalipia, ni kazi gani nyingine ya kulipwa inaweza kupita humu humu?

Waliotangulia

Denmark imekwenda mbali kuliko wote. Huduma yake ya posta ilianza 1624. Mwaka 2000 nchi hiyo ilisafirisha barua takriban bilioni 1.4, mwaka 2024 zilikuwa kama milioni 110. Sheria mpya ikaondoa wajibu wa kumfikishia kila raia barua, na mwisho wa Desemba 2025 kampuni ya PostNord ikasambaza barua zake za mwisho nchini humo ili ibaki na vifurushi. Masanduku mekundu ya barabarani, takriban 1,500, yakang'olewa. Denmark iliweza kufanya hivyo kwa sababu karibu kila raia wake hupokea barua za serikali kwa njia ya kielektroniki, na kwa sababu kampuni nyingine ilikuwa tayari kubeba barua chache zilizosalia. Anayetaka kuiga uamuzi huo Tandahimba au Kibondo ajiulize kwanza kama masharti hayo mawili yapo.

Afrika Kusini ni somo chungu zaidi, na linastahili kusomwa polepole. Posta ya huko ilikuwa na matawi mengi na ilikabidhiwa kazi kubwa ya kulipa ruzuku za kijamii kwa mamilioni ya wazee na watoto. Kazi ilikuwepo, basi. Kilichokosekana ni uendeshaji. Mitambo ilikatika wazee wakiwa kwenye foleni, pango la matawi halikulipwa na wenye majengo wakaanza kuwafukuza, hata makato ya pensheni na matibabu ya wafanyakazi yakaacha kupelekwa kunakohusika. Februari 2023 mahakama iliiweka chini ya ufilisi wa muda, na Julai mwaka huo ikahamishiwa kwenye utaratibu wa uokoaji. Serikali ilitoa randi bilioni 2.4. Mwaka uliofuata karibu wafanyakazi 5,000 walipunguzwa. Fedha za kuokoa zilifika baada ya wateja kuondoka, na mteja aliyeondoka harudishwi na ruzuku.

Marekani nayo ilijitia kitanzi kwa sheria. Sheria ya 2006 iliitaka posta itenge mapema gharama za matibabu ya wastaafu wake, takriban dola bilioni 5.5 kila mwaka kwa miaka kumi, mzigo ambao taasisi nyingine za serikali hazikubebeshwa. Ilipofika 2012 posta ilishindwa kuulipa, na vitabu vyake vikawa vyekundu kwa miaka mingi kiasi cha watu kuamini kwamba barua peke yake ndiyo iliyoiangusha. Sharti hilo lilifutwa kwa sheria ya Aprili 2022. Kwa hiyo ukisikia shirika fulani la umma "linapata hasara", uliza kwanza hasara hiyo imetoka wapi: kazini, au kwenye deni lililobebeshwa kutoka juu.

Morocco ilichukua njia ya benki. Mwaka 2010 posta yake iliifanya kazi ya akiba kuwa benki kamili, Al Barid Bank, inayomilikiwa na posta yenyewe na kulenga watu wa kipato kidogo ambao benki kubwa haziwataki. Sisi tulikwenda kinyume, benki ikaondolewa posta. Leo si rahisi kuirudisha, ila kaunta ya posta inaweza kuwa wakala wa benki yoyote, na kamisheni ya wakala ni fedha halali.

Kifurushi na basi la saa kumi na mbili

Mshindani mkubwa wa Posta nchini ni basi. Mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye mteja Singida hafikirii kampuni kubwa za kimataifa, anakwenda stendi. Anaandika jina na namba ya simu ubavuni mwa boksi kwa kalamu nene, analipa, anampigia mteja: "Gari namba fulani, ongea na konda." Jioni mzigo umefika. Huduma hiyo ni ya haraka, inaeleweka na haihitaji fomu. Kuidharau ni kosa ambalo posta nyingi zimelifanya.

Udhaifu wa basi huonekana siku mzigo ukipotea. Konda amebadilisha gari, karatasi ndogo ya risiti imefutika, na kule ofisini wanakwambia mzigo ulishushwa. Kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kusafirisha vifurushi kwa malipo ni huduma inayohitaji leseni ya TCRA, nayo leseni huja na wajibu wa kuweka kumbukumbu na kujibu malalamiko. Kabla hujampa mtu mzigo wa thamani, muulize leseni yake.

Posta inashinda pale inapotumia vizuri kile ilichonacho tayari. Chukua namba ya ufuatiliaji. Ukituma kwa rejista au EMS, utapewa namba yenye herufi na tarakimu 13, kwa mfano RR123456785TZ. Herufi mbili za mwanzo zinataja aina ya huduma: R ni rejista, E ni EMS, C ni kifurushi. Mbili za mwisho zinataja nchi mzigo ulikotoka. Katikati kuna tarakimu tisa, na ile ya tisa ni mlinzi. Zidisha tarakimu nane za mwanzo, moja moja, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, kisha jumlisha. Kwa namba yetu ya mfano jumla ni 204. Gawanya kwa 11, inabaki 6. Toa 6 kwenye 11, unapata 5, na ndiyo tarakimu ya tisa. Karani akikosea kuandika tarakimu moja, karibu kila mara hesabu haikubali na mashine inakataa. Mpango huu unafuatwa na nchi za Umoja wa Posta Duniani, wenye wanachama 192, kwa hiyo namba iliyotolewa Moshi inasomeka Muscat, London na Guangzhou. Basi la Singida halina kitu hicho.

Hata hivyo, namba nzuri haina faida ikiwa haisomwi. Mzigo unatakiwa uskaniwe kila unapogusa mkono mpya: ukipokelewa, ukiingia mfukoni, ukishuka kwenye gari, ukikabidhiwa. Ofisi moja ikiruka hatua hiyo, mteja anayefuatilia kwa simu anaona mzigo wake "umelala" Dodoma siku nne, wakati kumbe uko Singida tangu juzi. Kama tungeulizwa fedha ya kwanza ya mageuzi iende wapi, tungesema skana na intaneti ya uhakika katika ofisi za wilaya, kabla ya kupaka rangi majengo ya makao makuu. Ni kazi isiyo na sherehe ya uzinduzi, na huenda ndiyo sababu huchelewa.

Kisha kuna anwani. Kwa miongo mingi barua zetu ziliishia kwenye sanduku, na asiye na sanduku alitumia la shule, la kanisa, la msikiti au la mwajiri. Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 iliweka namba za nyumba na majina ya mitaa nchi nzima, pamoja na postikodi ya tarakimu tano inayoshuka kuanzia kanda hadi kata. Kabla ya hapo kumfikishia mtu mzigo mlangoni kulitegemea simu tatu na maelezo ya "ukifika kwenye mwembe ulizia kwa Mama Neema". Maelezo hayo bado yana kazi yake, tusidanganyane, lakini posta inaweza sasa kupanga njia ya bodaboda kabla haijatoka ofisini. Kenya, huduma ya MPost ilipita mlango mwingine: namba ya simu ya mteja ndiyo inakuwa sanduku lake, na mzigo ukifika anapata ujumbe. Njia zote mbili zinafaa, na hakuna sababu ya kuchagua moja.

Mizigo kutoka nje ina mambo yake. Kwa miaka mingi posta za nchi zililipana kwa viwango vya kimataifa vilivyofanya mzigo mdogo kutoka China usafirishwe kwa bei ya chini kuliko gharama ya kuufikisha kwa mteja. Marekani ilitishia kujitoa kwenye Umoja, na Septemba 2019 mkutano wa Geneva ukakubali nchi zianze kujipangia viwango hatua kwa hatua. Kwa posta ya nchi inayopokea zaidi kuliko inavyotuma, kama yetu, kiwango hicho ni suala la mapato, na linapaswa kujadiliwa kwa uzito ule ule tunaojadili ushuru wa bandari.

Kaunta iliyokwisha kulipiwa

Katika miji mingi posta ipo mahali pazuri: karibu na benki, stendi au ofisi za halmashauri. Kenya ilipoanzisha Huduma Centre mwezi Novemba 2013, kituo cha kwanza kilifunguliwa katika jengo la posta kuu, GPO, Nairobi. Tanzania nayo imeweka vituo vya Huduma Pamoja ndani ya majengo ya posta, mwananchi akamilishe shughuli za taasisi kadhaa kwa safari moja.

Ni wazo zuri lenye mtego. Taasisi ikileta kazi yake posta, inaokoa pango, ulinzi, umeme na pengine watumishi. Akiba hiyo ibaki kwa nani? Ikiwa taasisi inakaa bure kwa kuwa "wote ni Serikali", posta itakuwa imeongeza wateja ukumbini na gharama mfukoni. Kila kaunta inayotumiwa na taasisi nyingine iwe na mkataba wenye bei, hata kama bei ni ndogo, na malipo yafike kwa wakati. Deni la taasisi ya Serikali kwa posta ni deni kama deni lolote.

Wajibu una bei

Kuna ofisi ambazo hazitajilipa hata meneja wake awe hodari vipi. Visiwani, mipakani, wilaya zenye watu wachache: biashara yao ni ndogo na gharama za kufika huko ni kubwa. Nchi inazitaka kwa sababu raia wa huko ni raia, anastahili kupokea hati ya mahakama, cheti na dawa sawa na wa mjini.

Kuzitaka ni uamuzi wa nchi, basi nchi izilipie, na izilipie waziwazi. Hapa ndipo mageuzi mengi huharibika. Serikali huliambia shirika lijiendeshe kibiashara, kisha hulikataza kufunga ofisi inayokula hasara, halafu mwishoni mwa mwaka hulilaumu kwa hasara ile ile. Utaratibu mzuri ni mkataba wa huduma: Serikali inataja ofisi inazozitaka na kiwango cha huduma, shirika linataja gharama, fedha zinawekwa kwenye bajeti na Bunge linaziona. Kwa minara ya simu vijijini tumeshajifunza utaratibu unaofanana na huo kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya 2006. Kampuni ya simu haitarajiwi kujenga mnara wa hasara kwa moyo wa uzalendo, na posta isitarajiwe hivyo.

Kilichobaki, yaani ofisi za mijini, vifurushi, EMS, uwakala na upangishaji wa majengo, kijilipe chenyewe bila huruma. Hesabu za pande hizi mbili zikitenganishwa, kila mtu ataona ni hasara ipi ya wajibu na ipi ya uzembe. Zikichanganywa, uzembe utajificha nyuma ya wajibu kila mwaka.

Wewe na posta yako

Unapotuma kitu cha thamani, chagua huduma yenye namba ya ufuatiliaji na utaje thamani halisi, maana fidia hufuata ulichokiandika. Fedha taslimu usiitie kwenye bahasha. Vitu vinavyoweza kuwaka au kulipuka havipokelewi, na simu au betri uziulizie kabla ya kufunga boksi. Andika namba ya nyumba, mtaa, postikodi na namba ya simu ya mpokeaji, na karatasi yenye maelezo hayo hayo uitie ndani pia: lebo ya juu ikichanika, mzigo bado una mwenyewe. Kama una sanduku, lilipie kwa wakati. Kama hulitumii tena, lirudishe, kwani mijini wapo wanaolihitaji.

Ukitaka kujua hali ya shirika lenyewe, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu mashirika ya umma huwasilishwa bungeni kila mwaka na hupatikana kwa umma. Tazama madeni ambayo shirika linadai taasisi nyingine. Ukurasa huo hueleza mengi kuliko ukurasa wa faida.

Mzigo ukichelewa au ukiharibika, anza kwenye ofisi ulikotumia, ukiwa na risiti, na lalamika kwa maandishi ili upewe namba ya lalamiko. Usiporidhika, peleka suala TCRA ukiambatisha majibu uliyopewa. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano nalo husikiliza watumiaji wa posta kama linavyosikiliza wa simu. Fungua boksi lililoharibika mbele ya karani, kabla ya kusaini kwamba umelipokea.